Safari ya jangwani na watoto: chagua dereva anayejua kusema hapana

1/9
Mfululizo wa wiki hii ni wa safari. Kila msimu wa likizo ukikaribia inbox yangu inajaa swali lile lile: "Nesi, tunakwenda Dubai, tumeona ile safari ya magari kupanda matuta ya mchanga. Naweza kwenda na mtoto wa miezi minane?" Wengine wanakwenda Oman kwa ndugu zao. Wengine wana mimba na wanaona aibu kuuliza, wanaandika tu "kuna rafiki yangu ana miezi mitano…"

Nitajibu, lakini mjue haya ni maoni yangu. Nayatoa kama nesi wa wodi ya wazazi, na pia kama mtu aliyewahi kukosea kwenye jambo hili hili.

Msimamo wangu ni huu. Unapochagua safari ya jangwani ya kuongozwa, usianze na picha, usianze na bei, usianze hata na gari. Anza na yule atakayeshika usukani. Na kipimo chake ni kimoja tu: je, anaweza kukukatalia? Dereva anayekubali kila kitu, huyo mwogope.

2/9
Sasa nikwambie nilivyokosea.

Miaka michache nyuma tulikwenda Dubai mwezi Desemba: mimi, mdogo wangu na shemeji. Walikuwa na mizigo ya kununua kwa ajili ya duka lao, mimi nilikwenda kupumzika. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Siku mbili kabla ya kurudi shemeji akaona tangazo la safari ya jangwani, akaandika WhatsApp. Akawaambia wazi kwamba mke wake ni mjamzito. Jibu likaja ndani ya dakika: hakuna shida, tutakwenda polepole.

Gari lilipofika hotelini lilikuwa limeshachukua familia nyingine. Mdogo wangu akaingia siti ya nyuma kabisa, juu ya matairi ya nyuma, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Mimi nikakaa mbele yake. Tukafika mchangani, dereva akapunguza upepo wa matairi, akaweka muziki, akaondoka. Wale abiria wengine walikuwa wamelipia msisimko, na msisimko wakapewa. Ile "polepole" haikuonekana. Kila gari likishuka tuta nilimsikia mdogo wangu nyuma yangu akivuta pumzi kwa meno.

Mimi, nesi, mwenye miaka yote ile ya kuwaambia wajawazito wajitunze, nilinyamaza. Nilijiambia pesa imeshalipwa. Nilijiambia bado dakika kumi. Nilijiambia nisiwaharibie wageni wa watu.

Saa nne usiku akaniita chooni: "Dada, kuna damu."

3/9
Mtoto alipona, niwaambie mapema msije mkalala na wasiwasi. Lakini tulikaa hospitali siku tatu, tiketi zikapotea, na mdogo wangu akaagizwa apumzike wiki kadhaa. Sitasahau ule usiku tukisubiri kusikia mapigo ya moyo kwenye mashine.

Kwa nini ilitokea? Siwezi kuapa kwamba ni gari, maana mjamzito anaweza kutokwa damu kwa sababu nyingi. Ila najua tunachofundishwa. Kondo la nyuma limejishika kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Mfuko unanyumbuka, kondo halinyumbuki vile vile. Mwili ukirushwa na kukatishwa ghafla, kondo linaweza kuanza kubanduka. Huhitaji kugonga tumbo mahali popote. Ndiyo maana kampuni nyingi zinazofanya kazi hii kwa uangalifu zinaandika wazi: wajawazito hapana, watoto wachanga hapana, wenye matatizo ya mgongo au shingo hapana.

Na mtoto mchanga je? Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na misuli ya shingo bado laini. Wewe ukirushwa unajizuia. Yeye hawezi kujizuia. Na kumpakata hakumlindi. Gari likisimama ghafla mikono ya mama haimshiki, hata kama ni mama mwenye nguvu za kubeba gunia. Tena mwili wako unaweza kumkandamiza kwenye siti ya mbele.

Halafu mjue, Falme za Kiarabu wana sheria. Mtoto hadi miaka 4 anatakiwa akae kwenye kiti chake cha gari, na aliye chini ya miaka 10 hakai siti ya mbele. Anayekwambia "mpakate tu, hakuna polisi jangwani" ameshakujibu swali lako lote.

4/9
Najua komenti zinakuja. Acha nizijibu kabla.

"Nesi, mbona barabara ya kwetu kijijini ni mbaya kuliko jangwa? Nimepanda bodaboda na mimba ya miezi minane." Ni kweli mama, na sikucheki. Lakini kijijini ulikwenda kwa lazima, na dereva mwenye akili alikuwa anakwepa mashimo. Kwenye matuta ya mchanga dereva anayatafuta mashimo. Kurushwa ndiyo bidhaa unayouziwa. Huwezi kununua kurushwa halafu ukaomba usirushwe.

"Wazungu mbona wanakwenda na watoto wao?" Wanakwenda, ndiyo. Wengi utawakuta wamekodi gari zima peke yao, mtoto kafungwa kwenye kiti chake, na gari linapita njia tambarare. Picha ya Instagram haikuonyeshi njia waliyopita.

"Ni mara moja tu katika maisha." Hapo ndipo mtego ulipo. Tukishasema mara moja tu, tunakubali mambo ambayo nyumbani tungeyakataa. Kwenye daladala unamwambia konda "simamisha, mtoto anatapika", tena bila aibu. Ukivaa miwani ya jua na kulipa kwa dirham, ghafla unakuwa mpole.

5/9
Sasa kisa cha pili, ili msidhani nachukia jangwa.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi Januari, tulikwenda Muscat. Shemeji ni mtu wa Unguja na shangazi yake anaishi kule. Mtoto, yule yule wa ile damu, alikuwa na miezi tisa. Shangazi akasema hatuwezi kuondoka Oman bila kuona mchanga wa Sharqiya. Ni jangwa ambalo wengi bado wanaliita Wahiba, kubwa kweli, takriban kilomita 180 kwa 80. Ukitoka Muscat ni kama saa mbili na nusu kwa lami hadi mji wa Bidiyah, ndipo lami inakuachia.

Shangazi alitutafutia dereva mtu mzima, mama yake kazaliwa Unguja, Kiswahili chake cha kunyooka kuliko changu. Tukakutana naye Bidiyah kwenye sehemu ya kujaza upepo. Akasalimia, akamtazama mtoto, akauliza umri. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Mwanangu, huyu simpandishi juu ya mchanga. Mkitaka nitakurudishieni pesa zenu. Mkikubali, nitakupitisheni chini, baina ya matuta, mpaka kambini. Wanaume wakitaka kupanda, watapanda na gari la kijana wangu."

Shemeji alitaka kubisha. Mdogo wangu akamkata: "Tumekubali, baba."

Tukaenda chini kwa chini, kwenye njia ya mchanga mgumu, polepole. Mtoto kwenye kiti chake siti ya kati, analala anaamka. Kushoto na kulia matuta mekundu. Tulipofika, mdogo wangu akakaa kwenye mkeka akamnyonyesha, jua linazama. Shemeji akarudi huku anayumba, katapika mara mbili. Tulicheka mpaka mzee akacheka.

Yule mzee angeweza kuchukua pesa na kunyamaza. Hakunyamaza. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kampuni ipi nzuri, namwambia: ile inayoweza kukurudishia pesa zako ili usipande.

6/9
Sasa kazi. Haya ni maswali ya kutuma kabla ya kulipa hata senti. Hifadhi posti hii.

Moja. "Nina mtoto wa miezi/miaka kadhaa" au "nina mimba ya miezi kadhaa." Kisha usiongeze neno. Usiulize "inawezekana?" Ngoja uone wenyewe wanasema nini. Wakikuuliza maswali zaidi, vizuri. Wakijibu "hakuna shida" bila kuuliza chochote, achana nao.

Mbili. Je, gari ni letu peke yetu? Ukichanganywa na wageni wengine, huwezi kuamua mwendo. Kama hela haitoshi kukodi gari zima, bora uende kambini kwa njia ya kawaida, ule chakula, uone ngamia, urudi.

Tatu. Kiti cha mtoto kipo? Waombe picha kikiwa kimefungwa ndani ya gari lenyewe. Na mikanda ya siti zote inafanya kazi?

Nne. Tutakaa wapi? Siti ya kati hutikisika kidogo kuliko ya nyuma kabisa. Mtoto na mama wakae kati.

Tano. Ni magari mangapi yanakwenda pamoja? Gari moja peke yake jangwani likikwama, mmekwama wote. Angalau mawili, moja la kulivuta lenzake.

Sita. Ndani ya gari kuna nini? Wa kweli atakutajia bila kufikiri: koleo, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo, tairi la akiba, maji ya ziada, sanduku la huduma ya kwanza. Na mahali ambapo mtandao haushiki, anawasiliana vipi?

Saba. Hospitali iliyo karibu iko wapi, na ni muda gani kufika? Kwa huko Sharqiya, mji wa Ibra wenye hospitali kubwa unaupita njiani kabla ya Bidiyah. Dereva mzuri anajua jambo hilo kama anavyojua jina la mwanawe.

7/9
Hii ni ya akina baba.

Kuna safari ambazo mgeni mwenyewe ndiye anaendesha, mwongozaji yuko gari la mbele. Najua inavutia. Lakini kumbuka, kule wanaendesha upande wa kulia, sisi huku kushoto. Na mchanga si tope la masika. Tairi likijaa linachimba. Likipunguzwa upepo linatandazika na kuelea. Ukipinda ghafla kwenye mteremko, gari linaweza kulala ubavu. Hayo hujifunzi ukiwa na watoto nyuma. Baba akitaka kujifunza, ajifunze siku moja peke yake na mwongozaji, familia ibaki hotelini inaogelea.

Pia soma mkataba wa gari la kukodi. Mingi inasema ukiingia mchangani bima haihusiki. Na bima ya safari usome pale pa michezo ya hatari na ujauzito. Usisubiri kuvisoma kwenye dirisha la malipo la hospitali.

Na mabonde. Oman kuna mabonde makavu wanaita wadi, kama makorongo yetu. Unaweza kuona jua kali juu yako, kumbe mvua imenyesha milimani, maji yanakuja. Aprili 2024, huko huko Sharqiya Kaskazini, mafuriko yalisomba gari lililobeba wanafunzi na watoto wakapoteza maisha. Wenyeji wa pale, si wageni. Kwa hiyo mwongozaji akisema "leo bondeni hatuendi," usimwonyeshe anga lilivyo safi. Mshukuru.

8/9
Ukishapata dereva wa kweli, haya ya mwilini nisikilize kama uko kliniki.

Msimu: kuanzia Novemba hadi Februari au Machi ndiyo salama kwa watoto. Kiangazi cha kule joto linapita nyuzi 45. Usimpeleke mtoto jangwani wakati huo hata kama bei imeshuka nusu. Imeshuka kwa sababu.

Mtoto chini ya miezi 6: maziwa ya mama tu, hata kwenye joto. Usimpe maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama kunywa maji ya kutosha. Aliyeanza kula mpe maji kidogo kidogo kila mara, asisubiri kulia.

Dalili za kukaukiwa maji: mdomo mkavu, analia bila machozi, utosi umebonyea, pampasi kavu saa sita mfululizo, amelegea. Ukiona amelegea hanyonyi, hiyo si ya kusubiri kambini. Ni ya kuondoka. ORS pakiti mbili tatu ziwe kwenye mkoba wako, si kwenye begi lililobaki hotelini.

Kichefuchefu cha gari: watoto wa kuanzia miaka 2 hadi 12 ndio kinawasumbua zaidi. Wape chakula chepesi mapema, simu waweke chini, watazame mbele mbali. Dawa ya kutapika usimpe kwa kukisia. Uliza kwanza kabla ya safari.

Mchana mfunike kofia na nguo nyepesi za mikono mirefu. Usiku jangwa lina baridi, wengi hawalijui hilo, beba sweta na soksi. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, nge wapo.

Mjamzito: ukitokwa damu, ukisikia maumivu ya tumbo yasiyoachia, maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo hata kama mlikwenda polepole. Beba kadi ya kliniki. Kama grupu lako la damu ni hasi, mwambie daktari mapema, kuna sindano unaweza kuihitaji. Namba za dharura ziandike kwenye karatasi: Oman 9999. Falme za Kiarabu polisi 999, gari la wagonjwa 998.

9/9
La mwisho, na ndilo nililokuwa nalibeba moyoni.

Nimesema sana kuhusu dereva anayejua kusema hapana. Lakini itatokea siku umekosea kuchagua. Umeuliza yote, wamekudanganya, umeshaingia, gari limeshaondoka. Hapo wa kusema hapana unabaki wewe.

Sema. Huhitaji Kiingereza kizuri. Neno "stop" linajulikana duniani kote. Mguse dereva begani, mwambie asimame, ushuke na mtoto wako ukae na gari jingine, au urudishwe barabarani. Wenzako watakununia dakika tano. Pesa itapotea. Mume atakasirika mpaka usiku. Yote hayo yanapita.

Mimi ningesema neno moja ile siku, mdogo wangu asingelala siku tatu kwenye kitanda cha ugenini akihesabu mateke ya mtoto. Hajawahi kunilaumu. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakusema yeye. Akanijibu: "Nilikuona wewe nesi umekaa kimya, nikajua ni salama."

Mama, kuna mtu kwenye gari anakutazama wewe ili ajue kama ni salama. Mara nyingi ni mdogo kuliko wewe, na hawezi kuongea bado.

Nendeni mkafurahi. Jangwa ni zuri, ngamia ni wazuri, kahawa na tende zao usiseme. Ila mkakae siti ya kati, na dereva aliyewauliza umri wa mtoto.

Umewahi kwenda? Dereva alikuuliza nini kabla ya kuondoka? Niambie kwenye komenti, bila kutaja jina la kampuni tafadhali. Na mtumie posti ya 6 yule dada ambaye tiketi tayari anayo.

Wiki ijayo: mtoto na masikio kwenye ndege.

Nesi wenu.